Wasomaji Wauliza: Radi za Usiku na Majabali ya Mwanza

SWALI: Ndugu Mhariri, ninafanya biashara ya ndizi kati ya Bukoba na Mwanza. Mwezi wa Septemba huiacha Kirumba ikiwa vumbi tupu, nikashuka Bukoba asubuhi na kukuta ardhi imelowa. Wavuvi wa dagaa nao hushikilia kwamba radi ya ziwani ni ya usiku. Je, hayo ni kweli, au ni maneno ya mwaloni tu?
Msomaji, Kirumba

JIBU: Ni kweli, mama, na wavuvi wako wamelisoma ziwa vizuri. Nchi kavu hupata joto upesi na kupoa upesi, ilhali maji hukawia katika yote mawili. Kwa sababu hiyo, mchana upepo huvuma kutoka ziwani kwenda nchi kavu, na usiku hewa iliyopoa huteremka kutoka pwani zote kuelekea ziwani, ambako ziwa bado lina joto la mchana. Hewa hiyo inapokutana katikati haina pa kwenda ila juu, nayo ikipanda na unyevu wake hupoa na kufanya mawingu mazito ya radi. Balaa ni kwamba dagaa huvuliwa kwa taa katika usiku wa giza usio na mwezi, saa zile zile ambazo dhoruba huzaliwa.

Ama kuhusu Bukoba, pepo za eneo hili kwa kawaida hutoka mashariki, zikavuka ziwa zima zikijichotea unyevu na kuyasukuma mawingu ya usiku hadi pwani ya magharibi, ambako hunyesha alfajiri. Ndiyo maana Bukoba hupata takriban milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, Mwanza kama 1,000, na Musoma, iliyo upande pepo zinakotokea, hupata pungufu ya hapo. Sisi wa Mwanza tunasubiri vuli ya Oktoba hadi Desemba na masika ya Machi hadi Mei, na katikati ya mwaka tunakaa na kiangazi. Migomba haivumilii kungoja namna hiyo. Pamba na mtama huvumilia.

SWALI: Babu hutuambia kwamba mawe ya Mwanza yalipangwa na majitu. Mwalimu anasema ni volkano. Nani yuko sahihi?
Mwanafunzi, Mabatini

JIBU: Mwalimu amekaribia, mwanangu, ingawa hadithi ya babu ni tamu zaidi. Mawe hayo ni graniti, yaani uji wa mwamba ulioganda chini sana ardhini bila kufika juu kama ufanyavyo ule wa volkano, zaidi ya miaka bilioni 2.5 iliyopita. Ulipopoa ukapasuka kwa nyufa za wima na za mlalo, mfano wa mkate uliokatwa vipande. Maji ya mvua yakapenya katika nyufa hizo na kuzila pembe za kila kipande hadi kikawa mviringo, kisha udongo uliokuwa umevizunguka ukachukuliwa na mvua, vikabaki vimekaa juu ya vingine. Kwa hiyo jiwe la juu halikupandishwa na mtu: lilikuwa hapo tangu mwanzo, ila ardhi ndiyo iliyoondoka. Jiwe la Bismarck, ambalo kila mgeni hupigia picha, lina historia hiyo hiyo.

Ziwa lenyewe ni changa mno mbele ya mawe hayo, kwani lina umri wa takriban miaka 400,000. Nchi ya magharibi iliinuka, mito kama Kagera iliyokuwa ikielekea huko ikazuiwa, na maji yakatandaa katika bonde pana lisilo na kina: wastani wake ni mita 40 tu, wakati Ziwa Tanganyika lina zaidi ya mita 1,400 penye kina kirefu.

SWALI: Kabla ya kuitwa Victoria, ziwa liliitwaje?
Msomaji, Igogo

JIBU: Inategemea ulisimama pwani ipi. Kwetu ni Nyanza, yaani maji makubwa. Waganda huliita Nalubaale, na Wajaluo Nam Lolwe. Jina la malkia lilitolewa na John Hanning Speke, aliyeliona karibu na Mwanza tarehe 3 Agosti 1858.