Shangazi, tusubiri hukumu?

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni mwanamume wa miaka 38, na huu ni mwaka wa tisa naishi na mwenzangu, mwanamume pia. Kesi ya kudai ndoa ya watu wa jinsia moja iko mbele ya mahakama ya juu ya nchi yetu, naye matumaini yote kayaweka huko. Nikimwomba tuandike wosia, au jina langu liingie kwenye hati ya nyumba tunayoilipia sote, jibu ni lile lile: "Hukumu inakuja, tutaoana, makaratasi ya nini?" Alipolazwa mwaka jana nilizuiwa mlangoni kwa kuwa si ndugu. Kaka yangu naye anasema hata tukishinda, majaji wengine watakuja kuifuta ndoa hiyo. Tumekuwa watu wa kugombana. Nisubiri?*
*Niliyechoka*

Marahaba, mwanangu. Usisubiri.

Kumtakia heri mwenzako na kesi yake namtakia, lakini anachokingoja hakiji kwa namna anavyodhani. Jaji anaweza kusema sheria fulani inavunja katiba. Kuandika sheria mpya, pamoja na mambo yake ya talaka, mirathi na watoto, majaji wengi hukwepa, wakalisukumia Bunge. Afrika Kusini Mahakama ya Katiba iliamua Desemba 1, 2005 kwamba kuwanyima wapenzi wa jinsia moja ndoa ni kinyume cha katiba, kisha ikalipa Bunge miezi 12. Sheria ilianza kutumika Novemba 30, 2006, siku moja kabla ya muda kwisha. Taiwan majaji walitoa miaka miwili, Mei 24, 2017. Sheria ikaanza Mei 24, 2019. (Wabunge na mwanafunzi anayeandika insha usiku wa kuamkia kuikusanya, sijui nani alimfunza mwenziwe.)

Na hao walishinda. India, Oktoba 17, 2023, majaji watano wa Mahakama ya Juu walikubaliana kwamba katiba yao haitoi haki ya msingi ya kuoana, suala likaachiwa Bunge. Jioni ile mwenye wosia bado alikuwa na wosia wake. Aliyekuwa akingoja hukumu tu hakuwa na kitu.

Kaka yako si mzushi, ila kachanganya mambo mawili. Kuzuia ndoa mpya kunawezekana. Kufuta zilizokwisha kufungwa ni vigumu zaidi. Mahakama ya Juu ya California iliruhusu ndoa hizi Mei 2008, wapiga kura wakazizuia Novemba mwaka huo huo. Mahakama hiyo hiyo mwaka 2009 ikakubali kura ile, lakini ikasema ndoa takriban 18,000 zilizofungwa katikati ya hapo zinabaki halali. Marekani nzima ilipata haki hiyo Juni 26, 2015, katika Mahakama ya Juu ya taifa, kwa majaji watano dhidi ya wanne. Mwaka 2022 mahakama hiyo ilipoitengua hukumu yake ya zamani kuhusu utoaji mimba, watu walishtuka wakihofia hukumu ya ndoa nayo itafuata, na Desemba Bunge likapitisha sheria ya kulazimisha ndoa halali za jimbo moja zitambuliwe na mengine. Hata walioshinda, mwanangu, walitafuta karatasi ya pili.

Hiyo hukumu ya 2015 inaitwa kwa jina la Jim Obergefell wa Ohio. Mwenzake, John Arthur, alikuwa na maradhi ya neva yasiyopona. Julai 2013 walikodi ndege ya wagonjwa hadi Maryland, wakafunga ndoa ndani ya ndege ikiwa uwanjani, wakarudi. Alichokipigania Jim ni jina lake kuandikwa kama mwenzi kwenye cheti cha kifo. John alifariki Oktoba mwaka huo. Hukumu ya mwisho ilikuja miezi 20 baadaye. Msimulie mwenzako kisa hiki, halafu umkumbushe ule mlango wa hospitali.

Ila usimwambie kwamba kesi itashindwa. Naona kwake wosia ni kama kukiri kushindwa, na ndiyo maana anakasirika badala ya kujibu. Mwambie karatasi hizi hazishindani na ndoa. Mkioana mtaziandika upya.

Anzeni na hati inayompa kila mmoja wenu mamlaka ya kuamua matibabu ya mwenziwe na kuingia wodini. Hii ndiyo iliyokukosesha usingizi, na haimgusi mtu mfukoni. Kisha wosia, wenye mashahidi wasiorithi chochote, maana ndugu wakiamua kupinga wataanza na mashahidi. Nyumba ifuate, na majina ya warithi kwenye mafao ya kazini. Tafuteni wakili anayeijua sheria ya kwenu. Na kama nchini kwenu mapenzi yenyewe ni kosa la jinai, hati zisieleze uhusiano wenu: jina kamili na namba ya kitambulisho vinatosha.

Akiendelea kukataa, andika yako wewe kwanza, utie sahihi, umpe nakala aisome peke yake. Usikae naye chumbani akisoma.