Wadogo zangu mnaoingia studio, msikilizeni mgeni

Jamani wadogo zangu, nawapenda na najivunia kuwaona hewani, ila siku hizi nikiangalia taarifa ya saa mbili usiku nakaa roho juu. Makosa ni yaleyale tuliyofanya sisi. Ngoja niseme.

1. Skripti isome kwa sauti kabla hujaingia studio. Takwimu ziandikwe kwa maneno, maana 1,250,000 ikipanda kwenye otokyu, ile skrini ya mbele ya kamera unayosomea habari, utaanza kuhesabu sifuri nchi nzima inakutazama. Na usiikimbize, anayeiendesha ndo anakufuata wewe.

2. Maiki ihesabu iko wazi muda wote, hata kwenye matangazo. Mnajua yaliyowakuta wenzenu.

3. Mgeni akutajie mwenyewe jina lake na cheo chake, usitegemee karatasi ya prodyuza. Halafu MSIKILIZE. Hapa nitakaa kidogo. Kipindi cha asubuhi, tuko laivu, nina mama mmoja tuliyemwita aeleze alivyohangaika na matibabu ya mwanae. Maswali yote nimeyaandika kwenye kadi, dairekta ananiambia sikioni twende tangazo sasa hivi, macho yangu yako kwenye kadi natafuta swali fupi la kufungia. Mama akasema, sauti ya chini kabisa, kwamba mtoto walimzika mwezi wa Ramadhani. Mimi nikaitikia "sawa sawa" nikauliza, "na sasa yuko darasa la ngapi?" Akanyamaza. Akashika pindo la khanga akalikunja, akalikunja tena, kisha akanijibu kwa adabu zote, "Mwanangu, nimesema alifariki." Mwanangu, ndivyo alivyoniita. Nikaomba radhi hewani, tukaenda tangazo, nikamfuata mpaka getini nikaomba tena na akanisamehe, lakini mpaka leo likinijia usiku silali. Na sikuwa mgeni wa kazi, nilishajiona mzoefu, ndo maana kadi niliiamini kuliko mtu aliyekaa mbele yangu. Kwa hiyo nikiwaona mnaitikia "sawa, sawa" huku mnachungulia swali linalofuata, naumia kweli. Dairekta mwache apige kelele, tangazo litasubiri.

4. Nguo. Penye skrini ya kijani, ile ambayo kompyuta inaifuta na kuweka picha nyingine, usivae kijani utabaki kichwa kinaelea, miraba midogo inachezacheza kwenye kamera, bangili zinagonga meza. Na mtu wa taa msalimieni mkiingia, uso wako uko mikononi mwake.

5. Msiidharau redio. Kila mmoja anataka sura ionekane kesho, wakati Catherine Kasavuli, mtangazaji wa Kenya, sura ya televisheni ya KTN tangu inaanza 1990, alitokea redioni, na mwaka 2021 KBC, shirika la utangazaji la taifa la Kenya, walimrudisha kusoma habari akiwa mtu mzima, watu wakafurahi kumsikia. Sauti ile ilipikwa kabla kamera haijamjua. Ninyi mnaniuliza napaka poda gani, hakuna hata mmoja aliyeniuliza navuta wapi pumzi katikati ya sentensi ndefu. Na hizo L na R jamani, "habali za jioni" hapana, chukua gazeti kila asubuhi soma ukurasa mmoja kwa sauti, jirekodi kwenye simu, sikiliza, rudia. Anayetaka tufanye pamoja anitafute kabla ya kikao cha asubuhi, nipo mapema.