Wadogo zangu wa fuwele, tazameni majirani kwanza

Kila mwaka wanafunzi wapya wakiingia maabara ya fuwele, yaani yabisi ambamo molekuli zimejipanga kwa mpangilio unaojirudia, naiona slaidi ileile: molekuli moja katikati, mstari wa nukta hadi kwenye oksijeni ya jirani, na maelezo kwamba bondi hiyo ya hidrojeni (mvutano dhaifu kati ya hidrojeni na atomu ya jirani) ndiyo iliyoipa molekuli umbo lake. Nikiuliza majirani wengine, yaani molekuli zote zinazoizunguka, wako wapi, kimya. Mmesoma vizuri na macho mnayo. Mnachokosa ni subira.

1. Jazeni majirani wote kabla ya kueleza chochote. Faili la CIF, linalohifadhi muundo wa fuwele uliopimwa, linaorodhesha atomu za sehemu isiyojirudia tu, ilhali molekuli yenyewe imebanwa pande zote. Kitaigorodskii, mtaalamu wa fuwele, alionyesha kuwa molekuli za kikaboni kwa kawaida hujaza asilimia 65 hadi 77 ya nafasi ya fuwele, na mbanano huo hauletwi na bondi moja. Chukueni paresetamoli. Aina zake mbili za fuwele, I na II, zina bondi zilezile za hidrojeni: hidroksili (OH) kwenda kabonili (C=O), NH kwenda hidroksili. Ila matabaka ya I yamekunjamana, ya II ni bapa. Kwa hiyo II huteleza na kushikana vizuri ikikandamizwa kuwa kidonge. I bila kiunganishi cha kushikamanisha unga hupasuka. Orodha ya bondi haiwezi kuwaambia hilo hata mkiikariri.

2. Msipige hesabu ya molekuli ikiwa peke yake, mkakuta pembe ya msokoto (kiasi sehemu moja ya molekuli ilivyozungushwa dhidi ya nyingine) haifanani na ya fuwele, mkasema hesabu imekosea. Bifenili ni pete mbili za kaboni zilizounganishwa; ikiwa gesi, pete hizo zimepishana kwa nyuzi 44 hivi. Ndani ya fuwele, kwenye joto la kawaida, eksirei inaziona bapa. Kuzilaza kunagharimu kilojuli chache tu kwa moli, na mpangilio wa majirani unailipa gharama hiyo. Kwenye daladala iliyojaa hukai upendavyo. Halafu tazameni duaradufu za atomu, zinazoonyesha kila atomu inayumba kiasi gani, maana ubapa huo ni wastani wa pete zinazoyumba. Fuwele ikipozwa chini ya kelvini 40 hivi (nyuzi -233 za Selsiasi), msokoto unaanza kujitokeza.

3. Msiseme “muundo wake ndio huu” kwa sababu mmepata fuwele moja. Hapa vumilieni, nitakaa kidogo, maana kuna watu waliumia.

Ritonavir, ambayo wengi huku wanaijua pamoja na lopinavir kwenye dawa za VVU za mstari wa pili, iliingia sokoni Marekani mwaka 1996 kama kapsuli. Ndani yake dawa ilikuwa imeyeyushwa, na fuwele iliyojulikana ilikuwa ya aina moja. Mwaka 1998 kapsuli zikaanza kufeli kipimo cha kuyeyuka. Kumbe aina ya pili, isiyoyeyuka kirahisi kama ya kwanza, ilikuwa imejitenga humo humo. Sasa tazameni molekuli yenyewe: kundi la atomu liitwalo kabameti limegeuka kutoka trans (ncha zake pande tofauti) kuwa cis (ncha upande mmoja), mkao ambao ikiwa peke yake isingeuchagua. Lakini katika mkao huo vitoaji na vipokeaji vyote vikali vya bondi za hidrojeni vinapata wenzi, na fuwele nzima inatulia zaidi. Ugumu wa kuufikia mkao huo ndio uliochelewesha kiini cha kwanza, yaani punje ya kwanza ya fuwele hiyo. Kikishazaliwa, hakizuiliki: watu waliokuwa wameishughulikia aina hiyo ya pili Marekani walitembelea kiwanda cha Italia, na muda si mrefu ikaonekana huko pia. Abbott, kampuni iliyoitengeneza, ikaondoa kapsuli, wagonjwa wakahamia dawa ya maji yenye ladha mbaya sana. Mtu mwenye VVU hana dozi ya kuruka. Ndiyo maana nakuwa mkali mtu akiniambia utafutaji wa polimofu (aina tofauti za fuwele za molekuli ileile) ni kupoteza muda.

4. Hidrojeni katika miundo iliyopimwa kwa eksirei huonekana karibu mno na atomu zao. Refusheni bondi ya C–H (kaboni na hidrojeni) hadi angstromu 1.08 (angstromu ni sehemu moja ya bilioni kumi ya mita) kabla ya kupima umbali.

5. Andikeni kiyeyusho na joto mlivyotumia kukuza fuwele siku hiyohiyo, si wakati wa kuandika tasnifu.

6. Msioshe chupa kabla ya kuipitia yote kwa hadubini. Kiwanja kinachoitwa ROY kina fuwele nyekundu, za machungwa na za njano, molekuli ikiwa ileile. Kinachobadilika zaidi ni msokoto wake, na rangi inaufuata. Mkiona rangi mbili kwenye chupa moja, pimeni zote mbili, hata kama moja ni nzuri zaidi kwa mashine.