Kila nikipima nakutwa na taifodi: ni kweli naumwa?

SWALI: Assalaam alaykum mtaalamu. Mimi ni mama lishe hapa Tanga mjini, napika karibu na soko la Mgandini. Tangu mwaka jana mwili unachoka, kichwa kinauma, ila homa kali sina. Kila nikienda zahanati ya mtaani napimwa Widal na kuambiwa taifodi imepanda, mara 1:80, mara 1:160. Sipro, ile antibayotiki, nimemeza mpaka basi. Nikimaliza dozi napata nafuu kidogo, nikirudi kupima ipo palepale. Je, taifodi yangu imeshakuwa sugu? Na hicho kipimo cha kuotesha damu kina tofauti gani na hiki?

JIBU: Waalaykum salaam dada yangu, na pole kwa uchovu.

Mimi ni mtu wa maabara, si daktari, kwa hiyo upande wa kipimo nitaueleza kwa kirefu na upande wa tiba nitaugusa tu. Kwa maelezo yako, sioni dalili ya taifodi sugu. Ninachokiona ni kipimo kinachobebeshwa mzigo kisichouweza.

Widal kimepewa jina la daktari Mfaransa, Fernand Widal, aliyekitangaza mwaka 1896. Hakitafuti bakteria. Kinatafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili wako uliwatengeneza ulipokutana na bakteria wa jamii ya Salmonella. Askari hao hawaondoki siku unayopona, wanaweza kubaki kwenye damu kwa miezi. Wanaweza kuwapo pia kwa sababu uliwahi kuchanjwa, au ulikutana na Salmonella wa aina nyingine, na hata malaria huwa inakivuruga kipimo hiki. Kwa hiyo ukimeza sipro leo na kupima tena mwezi ujao, 1:160 inaweza kubaki vilevile hata kama hakuna bakteria hata mmoja. Widal hakitumiki kuangalia kama dawa imefanya kazi. Hapo ndipo wengi tunapozungushwa.

Namba yenyewe ina maana gani? 1:160 ni kwamba seramu yako, yaani maji ya damu yaliyotenganishwa na chembe zake, imezimuliwa mara 160 na bado kingamwili zinaonekana. Ili namba hiyo iwe na uzito, inatakiwa damu ichukuliwe mara mbili, kwa kuachana siku saba mpaka kumi na nne, na kiwango kiwe kimepanda angalau mara nne, kwa mfano kutoka 1:40 kwenda 1:160. Sijui ni nani mtaani anayerudi kwa damu ya pili. Mgonjwa anataka dawa leo.

Tena zahanati nyingi zinatumia njia ya slaidi. Unaweka tone la seramu, unaongeza kitendanishi chenye bakteria waliokufa, mara nyingi cha bluu kwa O (mwili wa bakteria) na chekundu kwa H (mikia yake), unachanganya, unazungusha kwa dakika moja hivi, kisha unaangalia kwenye mwanga kama chembe zimeshikana. Ukiitwa mapokezi ukaiacha slaidi chini ya feni, tone linakauka pembezoni na chembe zinajikusanya zenyewe. Ukirudi unaandika "chanya". Na kitendanishi chenyewe kinataka nyuzi 2 mpaka 8. Umeme ukikatika na joto hili la kwetu, friji haiwezi kuahidi hivyo.

Lakini hata kikifanywa kwa uangalifu, kina mipaka, na ushahidi mzuri umetoka mkoani kwetu. Mwaka 2010 ulichapishwa utafiti uliofanywa kwa watoto waliolazwa Hospitali Teule, Muheza. Walipima Widal kwa mirija, njia makini kuliko slaidi, wakalinganisha na kuotesha damu. Watoto waliokuwa na taifodi kweli walikuwa kama 1 katika kila 100. Widal kiliwatambua takriban robo tatu ya hao, na kiliwaondoa kwa usahihi karibu wote wasiokuwa nayo. Inasikika vizuri, sivyo? Sasa piga hesabu kwa wagonjwa 1,000. Wenye taifodi ni 10, kipimo kinakamata 7 au 8. Wasio nayo ni 990, na kikikosea kwa asilimia 2 tu, watu 20 wanaambiwa wanayo. Kwa hiyo kati ya "chanya" 28, wagonjwa wa kweli ni kama robo. Wengine wote wanameza dawa ya ugonjwa wasiokuwa nao.

Utafiti mwingine uliofanyika Dar es Salaam na Ifakara, ukachapishwa 2014, ulichunguza watoto 1,005 wenye homa waliofika kliniki. Virusi walihusika kwa zaidi ya asilimia 70 ya watoto. Taifodi ilikutwa kwa asilimia 3.7. Walikuwa watoto na wewe ni mtu mzima, ila somo linatuhusu: homa nyingi za hapa kwetu ni za virusi, na kirusi hakijali sipro. Inapoa kwa wakati wake, dawa inapata sifa. Nafuu yako ya baada ya dozi naishuku hivyo hivyo.

Kuotesha ni kumtafuta bakteria mwenyewe. Kwa mtu mzima huchukuliwa mililita 8 mpaka 10 za damu, zinawekwa kwenye chupa yenye mchuzi wa virutubisho, inakaa kwenye joto la mwili kwa siku kadhaa. Akiota, tunampandikiza kwenye sahani na kuweka vidonge vidogo vya karatasi vyenye dawa tofauti. Panapobaki duara safi kuzunguka karatasi, dawa hiyo inamzuia. Anapoota mpaka kwenye karatasi, ni sugu. Hivyo ndivyo usugu unavyojulikana, si kwa Widal. Nacho si kamili, kinaweza kuwakosa karibu 4 kati ya wagonjwa 10 wa taifodi, hasa waliokwisha kumeza antibayotiki. Damu itolewe kabla ya dawa.

Kwako wewe, uchovu wa miezi bila homa unataka uchunguzi mwingine: wingi wa damu, sukari, mkojo, presha, na kifua kama unakohoa. Sipro acha kuinunua. Kila dozi isiyo na sababu inawafundisha bakteria wa tumboni mwako kuizoea, na siku ukipata maambukizi ya mkojo ya kweli utakuja kuikosa. Ila ukipata homa inayopanda kwa siku tatu na zaidi, tumbo kuuma sana au choo cheusi, nenda hospitali siku hiyohiyo. Taifodi halisi inaweza kutoboa utumbo.

Kwa kuwa unapikia watu, kuna jambo moja zaidi. Wachache waliowahi kuugua hubaki na bakteria kwenye nyongo bila kuumwa, wakimtoa kwa choo. Hao hugunduliwa kwa kuotesha choo, tena zaidi ya mara moja. Ukiwa na wasiwasi, omba hicho. Chanjo mpya ya taifodi ipo pia. Majaribio ya Malawi yaliyochapishwa 2021 yalionyesha inakinga watoto kwa takriban asilimia 80.

Vile vyeti vyako vyote vya Widal usivitupe. Mpelekee daktari, na pembeni ya kila kimoja andika tarehe, dawa uliyopewa na siku ulizomeza. Hayo yatamsaidia kuliko namba yenyewe.