Nilimfukuza kwa meseji, sasa anataka kunishtaki

SWALI: Habari mshauri, naomba unisaidie maana silali. Nina karakana ya samani, wafanyakazi 9. Mwezi uliopita stoo ilipungua makopo 6 ya vanishi, nikamuuliza mtunza stoo akanijibu kwa jeuri, basi hasira zikanipanda, usiku huohuo nikamtumia meseji "kesho usije, kazi imeisha". Mshahara wa siku alizofanya nimeuzuia nifidie vanishi yangu. Sasa anasema anaenda kunishtaki. Mkataba wa maandishi sikuwahi kumpa, na funguo za stoo tunazo watu watatu. Si kwamba bila mkataba hana cha kudai?
Mwajiri mwenye wasiwasi

JIBU: Pole sana ndugu yangu, hasara kwenye biashara ndogo inauma kweli. Ila hilo la mkataba litoe kichwani leo hii. Alikuwa anakuja kila siku, unampangia kazi, unamlipa, huyo ni mwajiriwa wako hata kama hakuna karatasi, na karatasi ikikosekana anayeumia mara nyingi ni wewe maana huna cha kuonyesha mlikubaliana nini.

Sasa tuje kwenye meseji. Mkataba namba 158 wa Shirika la Kazi Duniani, ILO, wa mwaka 1982, unasema mtu asiachishwe bila sababu ya msingi, na kama sababu ni tabia yake au utendaji wake basi apewe kwanza nafasi ya kujitetea. Si nchi zote zimeuridhia, na zipo zinazowalegezea masharti waajiri wadogo, kwa hiyo angalia sheria ya kwenu, lakini mambo haya mawili, sababu na kusikilizwa, utayakuta kwenye sheria za kazi za nchi nyingi sana na mara nyingi mwenye jukumu la kuthibitisha ni mwajiri. Wewe una nini mkononi? Una makopo 6 yaliyopotea na funguo za watu watatu, mmoja wao wewe mwenyewe. Kiukweli hapo mimi mwenyewe nisingejua nani kachukua, na atakayesikiliza kesi naye atauliza hivyohivyo. Hata kama kachukua kweli, meseji yako haitaji kosa lolote, haina tarehe ya tukio, haijampa nafasi ya kusema neno.

Ningekuwa wewe ningemwandikia kesho asubuhi kwamba ile meseji naifuta, halafu namtajia tuhuma moja moja, lini vanishi ilihesabiwa, lini ikaonekana imepungua, nani aliingia stoo, nampa siku kadhaa ajiandae na aje na mwenzake wa kazini akitaka. Asikilizwe na mtu ambaye hamkugombana, hata kama ni msimamizi wako au mtu wa nje unayemwamini, na kila anachosema kiandikwe. Ukishamsikiliza kwa moyo mweupe ndo uamue, na ukiona ushahidi hautoshi mrudishe kazini. Akikataa kurudi kaeni mmalizane, mkubaliane kwa maandishi, wote msaini.

Na mshahara mlipe, tena usisubiri kikao. Hili waajiri wengi wadogo wanakosea, wanaona pesa iko mkononi mwao basi wanakata, wakati Mkataba wa ILO namba 95 wa mwaka 1949 unataka makato yafanyike tu pale sheria au makubaliano ya pamoja ya kazi, yaani yale ya mwajiri na chama cha wafanyakazi, yanaporuhusu. Siku alizofanya kazi ni zake, vanishi ni madai mengine kabisa. Ukiuzuia unamwongezea shtaka la pili, na hili la pili halihitaji hata shahidi.

Wale 8 waliobaki nao waandikie mikataba wiki hii, hata ukurasa mmoja, kazi gani, saa ngapi, mshahara kiasi gani na unalipwa lini, likizo, notisi. Na stoo iwe na daftari la kusaini kila anayechukua funguo.

SWALI: Kijana wangu namlipa kila Ijumaa mwaka wa pili sasa, tuliandikishana kwamba ni fundi wa kujitegemea. Nikiachana naye nadaiwa kitu?

JIBU: Inawezekana sana. Pendekezo la ILO namba 198 la mwaka 2006 linasema kinachoangaliwa kwanza ni kazi inavyofanyika na malipo yanavyolipwa, si jina mliloandika. Kama vifaa ni vyako, saa unapanga wewe na hana mteja mwingine, mhesabu ni mwajiriwa, anza kumpa haki zake sasa kabla hamjafika huko kwenye kuachana.