Barua kwa mwanangu: anza na ratiba

Mwanangu mpendwa,

Barua yako tumeipata, na baba yako anakupa hongera kwa kuteuliwa kuwa mwalimu wa taaluma, msimamizi wa ratiba na ufundishaji shuleni. Umeniuliza mtu wa umri wako awasimamieje walimu walioanza kazi kabla hajazaliwa, bila kuwavunjia heshima na bila kuachia kazi ilale.

Anza na ratiba. Walimu watakupima kwayo kabla hujafungua mdomo kikaoni, na jicho la kwanza litakwenda kwenye vipindi vyako wewe. Ukijipangia asubuhi tupu na Ijumaa mchana ukabaki huru, basi tena, hakuna atakayekusikiliza hadi mwaka uishe. Jipe kwanza kipindi cha mwisho cha Ijumaa, ndipo uwagawie wengine.

Kabla ya kupanga, hesabu mzigo. Tuseme mna mikondo minane, miwili kwa kila kidato, na kila mkondo una vipindi 40 kwa wiki. Jumla ni vipindi 320. Kwa walimu 14, wastani ni kama 23 kwa kila mmoja, na hapo wengi huridhika. Wastani huo hausemi kwamba mwalimu wa Fizikia yuko peke yake: vipindi vinne mara mikondo minane, 32. Historia yenye vipindi vitatu kwa mkondo, jumla 24, ina walimu watatu, kila mmoja vinane. Chora jedwali la walimu wote, masomo yao ya kufundishia (wengi wana mawili, hata kama wamezoea kufundisha moja) na idadi ya vipindi. Likiidhinishwa na mkuu wa shule, libandike ofisini siku chache kabla ya ratiba yenyewe. Mwenye vipindi vinane akijiona kando ya mwenye 32, hutahitaji maneno mengi kumwomba achukue somo lake la pili.

Kwa Fizikia kuna njia nyingine. Kama kidato cha tatu na cha nne wanalisoma kwa kuchagua, waliolichagua katika mikondo miwili wakae darasa moja. Vipindi 32 vinashuka hadi 24. Mtego wake ni huu: mikondo yote miwili lazima iwe na kipindi hicho saa ile ile, na wasiosoma Fizikia wawe na somo lao wakati huo, lenye mwalimu na chumba. Hilo likisahaulika, nusu ya kidato inazurura uwanjani mara nne kwa wiki na lawama zinakuja kwako.

Unapojaza, tanguliza vigumu. Weka vipindi hivyo vya kuunganisha, kisha vile viwili mfululizo vya maabara, dakika 80 zisizokatwa na mapumziko, kisha mwalimu mwenye vipindi vingi kuliko wote. Kiswahili na Uraia vije mwisho, maana vinakaa popote. Ukianza na vyepesi, ukifika katikati utakuta maabara haina nafasi na unafuta upya. Hisabati isirundikwe mchana wote. Mama anayenyonyesha asipewe kipindi cha kwanza. Ukimaliza, isome ratiba kwa jina la kila mwalimu, Jumatatu hadi Ijumaa, kwa sababu ukiisoma kwa madarasa mgongano hauonekani: kila darasa lina mwalimu, kumbe ni yule yule mmoja. Na idadi ya vipindi usiichukue kwenye ratiba ya zamani. Mtaala mpya ulianza na kidato cha kwanza na unapanda mwaka hadi mwaka. Angalia mwongozo wa kila kidato.

Sasa wazee wako. Shikamoo ibaki pale pale, na tarehe ya kukabidhi azimio la kazi, yaani mpango wa mada atakazofundisha mwalimu, iwe moja kwa wote. Usimdai mtu mzima azimio mbele ya ofisi nzima. Mfuate mezani kwake kabla ya siku yenyewe: "Shikamoo mwalimu. Azimio la Jiografia kidato cha pili sijalipata, na Ijumaa nayakabidhi yote kwa mkuu. Nikupitie Alhamisi saa nne?" Umetaja somo, kidato, siku na saa. Ukisema tu "walimu wengine hawajaleta", waliokwisha kuleta watachukia na asiyeleta atajifanya hasikii.

Azimio na andalio la somo (mpango wa kipindi kimoja kimoja) usivisaini kwa kuhesabu kurasa. Andalio linaweza kunakiliwa la mwaka jana kwa mwandiko mzuri kabisa. Omba madaftari matatu ya wanafunzi wa darasa lile, la anayefanya vizuri, la wa kati na la anayesuasua. Tazama tarehe ya mwisho ya kuandika, mada iliyofikiwa ukilinganisha na azimio, na kama zoezi limesahihishwa. Madaftari yakiwa nyuma kwa wiki tatu, uliza kwanza sababu. Mara nyingi vipindi vyenyewe havikuwepo.

Ndiyo maana unahitaji daftari la vipindi kila darasa. Mwalimu asaini mwenyewe kipindi kinapoisha. Monita kazi yake ni kulitunza na kulileta kwako mchana. Ukimpa mtoto kazi ya kuandika nani hakuingia, umemfanya mpelelezi, na walimu hawatakusamehe. Kila Ijumaa hesabu. Tuseme kati ya 320 vimefundishwa 268, vimepotea 52. Vigawe kwa sababu: semina na ruhusa 21, vikao vya dharura na usafi uliopitiliza 14, visivyo na maelezo 17. Hapo utaona kwamba 14 mmevila ninyi viongozi. Ukianza kikao kwa kukiri hizo 14, hata wakali watakaa wakusikilize. Kikaoni taja masomo, majina yabaki kwa mkuu.

Usiandike barua ya onyo hata siku moja. Hiyo ni kazi ya mkuu wa shule, na mashauri mazito yanakwenda Tume ya Utumishi wa Walimu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2015. Wewe unampa mkuu taarifa ya maandishi yenye tarehe na idadi, unabaki na nakala. Mkuu akiikalia, mkumbushe kwa maandishi tena. Usiende kulalamika kwa Afisa Elimu Kata ukampita.

Kuhusu MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, usiyageuze kuwa kikao cha kusoma makosa. Mwombe yule mzee wa Jiografia aonyeshe anavyofundisha kusoma ramani, vijana wakae nyuma waandike.

Na wewe mwenyewe, zungumza na mkuu upunguziwe vipindi mapema, kabla ratiba haijafungwa. Katikati ya muhula ni vigumu kumpata wa kuvipokea. Kazi za taaluma ziingize kwenye PEPMIS, mfumo wa kompyuta wa kupima utendaji wa watumishi wa umma, tangu mwanzo wa mwaka, la sivyo utapimwa kwa vipindi peke yake.

Rasimu ikiwa tayari nitumie picha kwa WhatsApp kabla hujaipeleka kwa mkuu. Nataka kuona ulivyoipanga Fizikia.

Mama yako