Hotuba za Sumner: anza na ya 1849

Umeuliza uanzie wapi kusoma hotuba za Charles Sumner, seneta wa Massachusetts, Marekani, aliyepinga utumwa katika karne ya 19. Wengi watakuelekeza kwenye ile ya Mei 1856 ya kupinga utumwa kuenezwa Kansas, kwa sababu siku mbili baada ya kuimaliza, mbunge Preston Brooks wa South Carolina alimvamia akiwa ameketi kwenye dawati lake ukumbini mwa Seneti, akampiga kwa bakora mpaka akazirai. Isome, ila si ya kwanza. Imejaa kejeli kali dhidi ya Seneta Andrew Butler, mtetezi wa utumwa na jamaa yake Brooks, na usipozijua siasa za wakati ule utachoka njiani.

Mimi ningeanza na hoja zake mahakamani Boston mwaka 1849, kabla hajawa seneta. Alikuwa akimtetea Sarah Roberts, mtoto mweusi aliyezipita shule tano za wazungu ili kufika ile ya weusi aliyopangiwa. Alisimama pamoja na Robert Morris, mmoja wa mawakili weusi wa mwanzo kabisa Marekani. Kesi walishindwa. Lakini soma anavyoeleza kwamba kutengwa kwenyewe ni madhara, hata shule zikiwa na ubora uleule. Hoja ya namna hiyo ilikuja kukubaliwa na Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1954, ilipokataza kutenga wanafunzi kwa rangi!

Kazi zake zilichapishwa Boston kuanzia 1870, juzuu 15, na za mwanzo alizipitia mwenyewe kabla ya kufariki 1874. Hakimiliki imekwisha muda, kwa hiyo unaweza kuzisoma bure mtandaoni.